Mtungi wa Bwana Hayupo

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema waliotutangulia, na nadhani walisema hivyo baada ya kumwona kaka yangu akija kwa mbali. Simu ikitoka leo, kesho anayo mfukoni. Sofa la ofisini limebadilishwa mara nyingi kuliko balbu ya chooni, ambayo imeungua na hakuna anayekumbuka iliungua lini. Lakini hakuna kitu kinachomtoa akili kama toleo jipya la programu. Ofisini wanamwita Toleo. Anajua wanavyomwita, na anafurahi, maana anadhani ni sifa.

Kazi yetu ni kupeleka mitungi ya oksijeni majumbani kwa wagonjwa wa mapafu. Yeye ndiye mkurugenzi, mimi ni mdogo wake wa kike na mwandishi wa programu, na mama yetu ni mmoja wa wagonjwa. Kwa kweli mama ndiye sababu ya kampuni kuwepo. Mapafu yalipoanza kumchosha, kaka aliuza gari lake akanunua mitungi ya kwanza na kuipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Hilo simnyimi. Alikuwa mtu wa maana siku zile, kabla hajaanza kuhudhuria makongamano.

Siku hizi mgonjwa anabonyeza ombi kwenye simu. Huduma moja ya programu inatafuta mtungi uliojaa, nyingine inamwomba muuguzi idhini, nyingine inafungua kufuli la stoo, nyingine inamwita dereva, na mtungi ukifika, nyingine inamtumia mgonjwa ujumbe: Mtungi wako umefika, pumua vizuri. Hilo la pumua vizuri alilitunga kaka, na alilitunga kwa siku nzima. Mlolongo huo wote tunauita mtiririko. Ili huduma hizo zisipigane vikumbo tunatumia kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyoundwa na watu wengine, mbali huko. Sisi tunaitia nyama tu.

Na tunaye mgonjwa mmoja ambaye haugui. Anaitwa Bwana Hayupo, anakaa Mtaa wa Haupo, na nyumba yake haina namba. Tulimbuni wenyewe kwa ajili ya majaribio. Kila tukibadilisha kitu, yeye ndiye anayeishiwa pumzi kwanza. Muuguzi hahitaji kumwidhinisha, dereva hahitaji kumtafuta, na kufuli la stoo limemfungukia mara nyingi kuliko binadamu yeyote mwenye mapafu. Ndiyo desturi ya ofisi yetu: hakuna jambo jipya linalomgusa mgonjwa kabla halijamgusa Bwana Hayupo. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Kaka anaionea aibu, kama mtu anayeficha ndugu wa shamba wageni wakija.

Toleo jipya la kiunzi lilipotoka, alituita kwenye chumba cha mikutano asubuhi, chai bado iko mikononi mwa watu. Macho yalimwaka.

"Kwanza kabisa," akasema, "mtiririko sasa unaweza kulala."

"Kama mlinzi wetu," nikasema.

Watu wakacheka kwenye vikombe. Yeye hakucheka. "Unalala bila kula nguvu ya seva, halafu unaamka wenyewe muda ukifika. Mgonjwa akishapokea mtungi, mtiririko unalala. Baadaye unaamka, unamuuliza kama ameridhika. Anatoa nyota. Tano ndiyo bora kabisa."

"Kwa hiyo mtu anatafuta pumzi, sisi tunamtafutia nyota."

"Pili," akaendelea, maana amezoea kunipita kama jiwe la njiani, "na hii ndiyo roho ya toleo zima: hatua zinakumbukwa. Hatua ikishafanyika, imefanyika. Umeme ukatike, seva izimike, mtiririko ukiamka haurudii kilichopita. Mgonjwa hawezi kupelekewa mitungi miwili kwa ombi moja. Hawezi! Mnaelewa uzito wake?"

Tulielewa. Lilikuwa jambo zuri, na waliolibuni walistahili pongezi. Mtoto akililia wembe mpe, watu husema. Hawasemi ufanye nini kama mtoto mwenyewe ndiye mkurugenzi.

Hakungoja hata tulizoee. Kulikuwa na wageni wanakuja, wakuu wa hospitali kubwa waliofikiria kutukabidhi wagonjwa wao wote wa majumbani, na kaka alitaka wayaone mambo mapya yakiwa bado ya moto. Asubuhi ya ugeni nikamkuta ukumbini akinyoosha nyaya za projekta.

"Tutamtumia Bwana Hayupo, si ndiyo?" nikamuuliza.

"Hebu acha hizo. Niwakalishe watu wazima wenye suti zao, halafu niwaonyeshe Mtaa wa Haupo? Wataona tunacheza kombolela hapa. Nataka mgonjwa hai. Mama ameagiza mtungi leo, ombi lake liko kwenye foleni. Tutatumia hilo."

"La mama ni ombi la kweli, Kaka."

"Ndiyo utamu wake."

"Na dereva je?"

"Kwenye onyesho tunaweka dereva wa mfano. Kipande cha programu tu. Akiitwa anaitika, anasema amefika, wageni wanapiga makofi. Nikimaliza namtoa, naurudisha mtiririko mwanzo, unaenda kwa dereva wa kweli, mama anapata mtungi wake. Hapo nani kaumia?"

"Muulize kwanza."

"Nimuulize nini? Mama ni mama yangu."

"Ni mama yetu."

"Basi nusu yangu inatosha."

Nikamwambia neno ambalo mdogo hapaswi kumwambia mkubwa wake. Akajitia hamnazo, akaenda kufunga tai mbele ya kioo cha chooni, gizani.

Wageni walipoketi, picha ya mama ikatokea ukutani, kubwa kama mlango, na mpira wa oksijeni puani. Ni picha niliyompiga mimi siku ya furaha yake, anacheka. Kaka akaizungushia taa nyekundu ya kijiti chake na kumwita "mtumiaji wetu". Nilijua kaka ana ulimi wa kukodi, lakini sikujua anaweza kuukodisha hadi hapo. Akabonyeza. Vijiduara vya hatua vikaanza kugeuka kijani: mtungi umepatikana, muuguzi ameidhinisha, stoo imetoa. Hilo la stoo nalo lilikuwa la maandishi tu, maana kufuli lilifunguka, likangoja mtu asiyekuja, likajifunga. Dereva wa mfano akaitika kabla jicho halijapepesa, akatangaza kwamba amefika. Dereva wetu wa kweli, mtu mzima na mgongo wake unaouma, wakati huo alikuwa uani anafuta vioo vya gari, hana habari kwamba ameshakwenda na kurudi.

Makofi yakapigwa. Halafu kaka akahutubia. Alizungumza juu ya kesho, juu ya mapinduzi, juu ya binadamu kuwekwa katikati, na wageni wakauliza maswali marefu ya watu wanaotaka kuonekana wameuliza. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Mwishowe akakumbuka ahadi yake. Akamtoa dereva wa mfano, akamweka wa kweli, akaurudisha mtiririko mwanzo mbele ya wote, kwa madaha. Vijiduara vyote, isipokuwa cha nyota kilicholala, vikawa kijani kwa mkupuo mmoja.

"Mmeiona kasi hiyo?" akauliza.

Wageni wakaiona kasi. Mimi sikuipenda. Dereva wetu hajawahi kuitika simu kabla hajafuta mikono na kutafuta miwani. Nikanyanyuka nichungulie gari dirishani, kaka akanikazia macho na kunionyesha birika kwa kidevu. Mkuu mmoja kikombe chake kilikuwa kitupu. Nikalibeba birika, na nilipofika kwenye korido simu yangu ikalia. Alikuwa mama mdogo, anayeishi na mama.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "huo mtungi mmeuweka wapi?"

"Mtungi gani, mama mdogo?"

"Si simu imeandika umefika? Tumetafuta mlangoni, tumetafuta uani, nimeinama mpaka chini ya gari la jirani. Huu wa zamani mshale wa kipimo uko kwenye nyekundu. Mama yako ameupunguza ili usiishe haraka. Sasa anapumua kama mtu anapanda ngazi, na amekaa."

"Mbona hamkupiga mapema?"

"Kanikataza! Anasema mwanawe ana wageni leo, asisumbuliwe. Nimejificha jikoni hapa. Gari la wagonjwa nimeliita, wananiambia nisubiri kwenye laini."

Nikaliweka birika sakafuni katikati ya korido, na ndipo lilipokutwa jioni. Nilikuwa nimeshaelewa, na haikuhitaji elimu. Kiunzi kilifanya kile kile ambacho kaka alikisifu. Kililiona ombi la mama, kikakumbuka kwamba hatua zake zote zimekwisha fanyika, kikaziruka. Hakikujua kwamba dereva aliyefika alikuwa wa kuigiza. Nani angekiambia?

Nikaingia ukumbini bila kubisha.

"Kaka, mtungi wa mama haujatoka."

Akawatabasamia wageni, akanijibu bila kunigeukia. "Umefika, mdogo wangu. Tazama." Ile taa nyekundu ikatua kwenye kijani.

"Kwani mama anakaa kwenye huo ukuta?"

Mkuu mmoja akaweka kikombe chini taratibu.

"Mtiririko umekamilika," kaka akasema, na sauti ikampanda kidogo. "Hatua zote."

"Mama mdogo yuko chini ya gari la jirani anazitafuta hizo hatua zako. Mama anakosa hewa."

Hapo akageuka. Akafungua kumbukumbu za mtiririko, akasoma, uso ukamshuka. "Haikurudia," akanong'ona. "Imekumbuka."

"Si ndiyo roho ya toleo?"

Angeweza kukimbia. Akaketi. Akavuta kompyuta, vidole vikaanza kucheza. "Ngoja niifute kumbukumbu ya hatua ya dereva. Lazima kuna amri yake. Sekunde tu." Picha ya mama ilikuwa bado ukutani, juu ya kichwa chake, inacheka, na yeye anapekua maelezo ya toleo jipya. Sing'ati maneno: nilimdharau wakati ule kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote. Nikawaacha na wageni wake, nikateremka stoo.

Mtungi wa mama ulikuwa palepale, nyuma ya mlango wa nondo, na lebo ya jina lake shingoni.

"Nifungulie huu, mzee," nikamwambia mtunza stoo.

Akatazama skrini yake. "Huo umetoka, dada."

"Si huu hapa?"

"Naam, upo. Lakini umetoka."

"Umetoka vipi na nauona?"

"Mimi pia nauona," akasema kwa masikitiko. "Lakini ukishaandikwa umetoka, kufuli halifunguki tena kwa ajili yake. Na ule ufunguo wa mkono mkurugenzi aliuchukua. Alisema ni mambo ya kizamani."

Nikatoa simu, nikafungua ombi jipya kwa jina la mama. Likarudi hapohapo: mgonjwa huyu ameshapokea leo. Nikatukana tusi moja refu, na mzee wa watu akatazama dari ili nisione kwamba amesikia. Nikatikisa nondo kama mwendawazimu. Ndani kulikuwa na mitungi imepangwa safu kwa safu, hewa ya kuwatosha wagonjwa wa mji mzima, na mama yangu alikuwa anajibania pumzi ili asimsumbue mwanawe.

Ndipo nikamkumbuka mgonjwa wetu wa siku zote.

Nikaandika: Bwana Hayupo, Mtaa wa Haupo, hali mbaya sana. Muuguzi hakuulizwa. Hakuna aliyekumbuka kitu. Kufuli likalia tak, mlango ukaachia. Yule asiye na pua wala mapafu alipewa oksijeni bila swali, na mimi nikaubeba mtungi wake begani kama mwizi. Mtunza stoo akanishikia mlango kwa mguu usije ukabadili mawazo.

Dereva alikuwa ameshaliwasha gari, maana aliniona ninavyokuja. Tulipokuwa tunaondoka, kaka akatokea mbio, tai begani, kompyuta wazi mikononi kama sinia la vikombe. Akajitupa kiti cha nyuma.

"Nimekaribia," akasema akihema. "Bado kidogo tu naifuta."

"Funga mlango, bosi," dereva akamwambia.

Mtungi ulikuwa umelala kwenye kiti kando yake, na kwenye kona ya kwanza ukabingirika. "Ushike huo," nikasema.

"Nitaushikaje na kompyuta?"

"Chagua."

Gari likakata kona nyingine. Nikasikia kompyuta ikifungwa. Nilipogeuka, alikuwa ameukumbatia mtungi kwa mikono miwili, shavu limegusa chuma. Hakuuachia hadi tukafika.

Mama mdogo alikuwa nyuma ya tangi la maji, anapekuapekua kwa mpini wa fagio. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango wa nyuma, mlango wazi, shingo ameinyoosha aone uani. Midomo ilikuwa ya kijivu. Mpira bado ulikuwa puani, lakini kilichopita ndani yake hakikutosha hata kuzima kiberiti. Alipomwona kaka alitaka kusimama. Mtu hana pumzi, anataka kumsimamia mwanawe!

"Usiongee, mama," kaka akasema. "Usiongee." Akashika spana, akaigeuza upande usio wake. Nikamnyang'anya. Nikaitoa geji kwenye mtungi wa zamani, nikaifunga kwenye mpya, nikafungua vali. Hewa ikalia sss. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na sitaki kuisikia tena kwa namna ile.

Tukakaa tukimtazama. Mabega yake yaliacha kupanda na kushuka kidogo kidogo, midomo ikaanza kurudi kuwa midomo. Mama mdogo alikuwa analia bila kujificha, fagio bado mkononi. Mama akamtafuta kaka kwa macho, akamshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Mama, pumzika."

"Nisamehe. Mtungi wako nimeupoteza. Uliniandikia umefika, mimi sikuwahi kutoka kuupokea. Miguu hii... Nafikiri watu wameuchukua. Tumetafuta kila mahali. Nimekutia hasara, na leo una wageni."

Damu ilinipanda kichwani. "Mwambie, Kaka," nikasema.

"Aniambie nini?" mama akauliza.

Kaka alifungua mdomo. Mtu aliyezungumza asubuhi nzima juu ya kesho na mapinduzi, na kumweka binadamu katikati, alitazama sakafu, akatazama spana, akanitazama mimi kana kwamba nina maneno ya kumwazima. Sikuwa nayo.

"Ni kwamba... sisi tulichelewa kidogo, mama," akasema.

"Kuchelewa!" Mama akataka kucheka, kikamtoka kikohozi. "Kuchelewa si dhambi. Uliandika umefika, ungefika tu."

Simu yake ikatetema mapajani. Mtiririko ulikuwa umelala, na sasa muda wake ulikuwa umefika, ukaamka. Mama akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akampa kaka.

"Nisomee. Miwani sijui niliiweka wapi."

Kaka akasoma polepole. "Je, umeridhika na huduma yetu?"

"Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo sisi, mama."

"Na hizo nyota ni za nini?"

"Unabonyeza. Ukiridhika sana, tano."

"Niwekee zote," mama akasema, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. "Wageni wako wasije wakasema mama yako mwenyewe amekunyima."

Nilimtazama kaka. Mama mdogo naye alimtazama. Kidole chake kikapita nyota moja baada ya nyingine hadi ya mwisho.

"Imekubali?" mama akauliza, macho bado amefumba.

"Imekubali, mama," kaka akasema, na kwenye simu kijiduara cha mwisho, cha nyota, kikawa kijani.